Shajara ya mradi: maji ya mvua ndani ya rundo la marudio

Wiki ya 1

Mradi huu umeanza na swali la mama mmoja anayelima mchicha na chainizi bondeni, upande wa Misungwi, kando ya mkondo unaoshuka kuelekea Ghuba ya Mwanza. Juu ya bustani yake kuna rundo la marudio, yaani ule unga wa mawe unaobaki baada ya mawe ya dhahabu kusagwa kwenye karasha, kuoshwa na dhahabu yake kukamatwa kwa zebaki. Kimo chake ni mita 4 hivi. Marudio yaliletwa na lori, yakaanikwa juani mpaka yakakauka, yakalundikwa yakisubiri mnunuzi mwenye mtambo wa sianidi, dawa inayotoa dhahabu iliyobaki kwenye unga. Mnunuzi hakutokea. Mvua za miaka miwili zimelinyeshea.

Nilikuwa nimekwenda kuchukua maji ya kisima chake ili yapimwe. Akaniuliza, jembe likiwa begani: "Mwanangu, hili rundo mvua inalipiga msimu hadi msimu, na mimi chini yake sijaona hata tone linatoka. Hayo maji yote yanakwenda wapi?"

Wenye marudio wana jibu lao, na nimelisikia machimbo mengi: chini ni pakavu, kwa hiyo hakuna kinachovuja. Mimi sikulikubali, ila nilipotaka kulipinga mbele ya yule mama sikuwa na namba mkononi. Nilirudi Buhongwa nimenyamaza kwenye daladala njia nzima.

Kilichomo kwenye rundo kinajulikana vya kutosha kumnyima mtu usingizi. Kwenye miamba mingi ya kanda hii dhahabu hukaa pamoja na madini yenye salfa: pairaiti, ile ya njano inayong'aa, na asenopairaiti, ambayo imebeba aseniki. Ukiligonga kwa nyundo jiwe lenye asenopairaiti linatoa harufu kama ya kitunguu saumu. Jiwe likiwa zima chini ya ardhi linakaa na sumu yake. Likishasagwa kuwa unga, hewa na maji vinaifikia kila punje. Pairaiti inakula hewa na kutoa asidi, asenopairaiti inaachia aseniki, na maji yakipita yanabeba. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mikrogramu 10 za aseniki kwa lita moja ya maji ya kunywa. Hicho ni kiasi kidogo mno, jicho na ulimi haviwezi kukigundua.

Zebaki ina njia zake nyingine. Nitaizungumzia mbele.

Wiki ya 2

Nimenunua bomba la plastiki la inchi 4 na kulikata vipande vya mita moja na zaidi kidogo. Chini ya kila kipande nimeweka kifuniko chenye tundu, juu yake kokoto zilizooshwa, kisha kitambaa cha marekani ili unga usitoroke. Ndani yake marudio yanajaa hadi mita moja kamili.

Kipenyo cha ndani ni sentimita 10.4, kwa hiyo mdomo wa bomba una eneo la sentimita za mraba 85. Namba hii ndiyo ufunguo wa mradi mzima: mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya bomba langu ni mililita 85. Mwanza inapata karibu milimita 1,000 kwa mwaka, zikigawanyika kati ya vuli na masika. Mwaka mzima wa mvua, kwa bomba moja, unaingia kwenye dumu la lita 10 na nafasi inabaki.

Kujaza kumechukua siku nzima. Ukimimina marudio kwa mkupuo yanajipanga matabaka, chembe nzito huku na laini kule, na maji yatafuata matabaka hayo. Kwa hiyo naweka sentimita 5, nashindilia kwa kipande cha mti, nakwaruza juu kwa uma ili tabaka linalofuata lishikane nalo, halafu naongeza tena. Mara 20 kwa kila bomba. Bomba likijaa linabeba karibu kilo 13 za marudio. Kwa uzito huo, nafasi zilizo katikati ya punje ni takriban asilimia 44 ya ujazo, sawa na lita 3.7.

Mvua natengeneza kwa mipira ya dripu niliyonunua mpya duka la dawa, ile yenye gurudumu dogo la kupunguza kasi. Maji ni ya mvua, niliyokinga kutoka kwenye bati. Ya bombani yana klorini na chumvi zake, yangenivurugia vipimo.

Bomba A lina marudio matupu. Bomba B lina marudio yaliyofunikwa kwa sentimita 20 za udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, kwa sababu ndiyo ushauri unaotolewa kila mahali: funika kwa mfinyanzi.

Wiki ya 3

Nimekosea, na wiki imepotea.

Siku ya pili tu, baada ya milimita 20, Bomba A lilidondosha. Nilifurahi kwa dakika tano. Kisha nikapima yale maji: chumvi kidogo sana, karibu sawa na mvua niliyoitia juu. Maji yaliyopita katikati ya unga wenye salfa hayawezi kutoka masafi namna hiyo. Nilitia rangi nyekundu ya chakula, nikasubiri, nikalipasua bomba kwa msumeno kwa urefu wake. Ndani marudio yalikuwa makavu, ya kijivu, na kwenye ukuta wa plastiki palikuwa na mchirizi mwekundu mmoja, mwembamba kama uzi wa kushonea, kutoka juu hadi chini. Maji hayakuingia kwenye marudio kabisa. Yaliteleza ukutani.

Dawa yake ilikuwa kupaka gundi ya mabomba upande wa ndani na kumwagia mchanga kabla haijakauka, ukuta uwe na makwaruzo kama msasa. Nimejaza upya yote mawili. Mikono ilikuwa na glavu na mdomo na pua vimefunikwa muda wote, kwa sababu vumbi la marudio haya lina aseniki na zebaki. Uani nimejenga kizimba cha wavu na kufuli, watoto wa jirani wasifike.

Ule mchirizi nimeupiga picha na kuutunza. Kwenye rundo halisi hakuna plastiki, lakini kuna nyufa, mashimo ya mchwa, na njia za mizizi iliyooza. Maji yakipata njia ya mkato hayangojei zamu.

Wiki ya 4 na ya 5

Milimita 10 kila siku, mililita 85, asubuhi. Chupa ya chini kavu. Naandika "kavu" kila siku kwenye daftari.

Wakati huu wa ukimya ndio ninaotaka uelezwe vizuri kuliko kitu kingine chochote humu, maana ndani yake ndimo lilimo jibu la yule mama. Mwaka 1856, mjini Dijon, Ufaransa, mhandisi Henry Darcy aliandika kanuni ya maji yanayopita kwenye mchanga uliojaa maji: kadiri msukumo unavyokuwa mkubwa na njia inavyokuwa fupi, ndivyo yanavyopita kwa wingi. Kanuni hiyo inafaa kwa kisima na kwa chujio. Rundo la marudio makavu halijajaa maji, na hapo mambo ni tofauti. Nafasi kubwa zina hewa, maji yamejibana kwenye vipembe kati ya punje, na punje zinayavuta kuliko uzito wake unavyoyavuta kwenda chini. Fikiria khanga uliyoikamua ukaianika: ukiigusa ina maji, lakini haidondoshi. Lazima uiongeze maji mpaka ishindwe kuyashika.

Marudio yangu yalianza na unyevu wa asilimia 5 ya ujazo wake, na nilipoyapima kwenye chombo kidogo yalishika mpaka asilimia 25 kabla ya kuanza kuachia. Tofauti ni asilimia 20. Katika lita 8.5 za bomba hiyo ni lita 1.7, sawa na milimita 200 za mvua. Kila mita moja ya marudio makavu inameza milimita 200 kabla ya kutoa tone. Rundo la mita 4 linameza 800. Na mvua yote haiingii: nyingine inatiririka ubavuni, nyingine jua linaichukua.

Kuhusu hilo la jua, nililiona kwa macho. Juu ya rundo kule Misungwi, kiangazi, kuna ganda jeupe lenye madoa ya njano. Maji yaliyomo ndani yanapanda juu, yanakauka, yanaacha chumvi yalizozibeba. Mbuzi wa kijijini wanapanda kulilamba. Nimemwambia mzee mwenye mbuzi awafunge mbali, na mvua ya kwanza ya vuli ndiyo inayoliyeyusha ganda hilo na kulipeleka mkondoni kwa pamoja.

Jioni nimekuwa nikisoma habari za wenzetu waliopambana na mabaki makubwa kuliko haya: mabaki ya mawe ya tabaka yenye mafuta. Mawe hayo huchomwa tanurini kwa joto la karibu nyuzi 500 ili mafuta yatoke, na kinachobaki ni vilima vya mawe yaliyokaushwa kabisa. Estonia imeyatumia kwa miongo mingi, na maji yanayopita kwenye majivu yake hutoka na pH (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni kinyume chake) ya 12 na zaidi, kwa sababu mawe yale yana chokaa na moto unaiamsha. Marudio yetu yanakwenda upande wa pili, upande wa asidi. Lakini tabia ya maji ni ileile: mabaki yanatoka tanurini yana kiu, yanakunywa kimya kwa miaka, na wakati yanapoanza kuachia, pengine aliyeyalundika hayupo. Colorado, Marekani, kampuni ya Exxon ilifunga mradi wake wa mawe hayo, uitwao Colony, tarehe 2 Mei 1982 na wafanyakazi zaidi ya 2,000 wakakosa kazi. Nilipoisoma nilimkumbuka mnunuzi wetu ambaye hakutokea.

Wiki ya 6

Bomba A limedondosha! Siku ya 24, milimita 240.

Nilitarajia 200. Nimekaa na hiyo tofauti ya 40 siku mbili mpaka nikaielewa. Maji yakifika chini hayaruki tu kuingia kwenye kokoto. Nafasi kubwa za kokoto hazina nguvu ya kuyavuta, marudio laini yanayang'ang'ania, kwa hiyo yanajikusanya sentimita za chini mpaka pajae kabisa ndipo yaachie. Hata kwenye rundo, basi, mpaka wa marudio na mchanga wa chini unachelewesha tone la kwanza. Tone likichelewa linakuwa limekaa na punje muda mrefu zaidi.

Na lilivyotoka! Rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa. Kifaa changu cha kupima chumvi kina ukomo wa mikrosimensi 3,999 na kiligoma. Nilizimua mara kumi kwa maji ya mvua ndipo kikasoma, kwa makadirio 7,000 hivi kwa maji yenyewe. pH 4.6.

Nimegawa chupa mbili za kupeleka maabara. Ya metali nimeichuja kwa chujio la mikroni 0.45 na kutia tone la asidi ya nitriki ili metali zisigande kwenye ukuta wa chupa. Ya salfati, chumvi inayotokana na salfa, haina asidi. Zote kwenye kasha lenye barafu.

Wiki ya 8

Lita ya kwanza ilikuwa mbaya kupita zote. Ya pili chumvi imeshuka chini ya nusu. Lakini pH nayo inashuka, sasa 3.9. Yaani zile chumvi zilizokuwa tayari zimeiva zinaondoka haraka, na asidi mpya inaendelea kutengenezwa nyuma yake kwa kuwa hewa inaingia tena kila ninapoacha kumwagia. Rundo halitajisafisha kwa kuoshwa na mvua. Kwa muda wa maisha ya mtu, halitajisafisha.

Bomba B hadi sasa lilikuwa linanipa raha. Kila nikitia milimita 40 kwa mkupuo, maji yanatuama juu ya mbuga nusu siku, kisha sehemu kubwa inakauka juani. Nalipima kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki mwaloni, na uzito hauongezeki sana. Nilianza kuandika rasimu ya ushauri: sentimita 20 za mbuga zinatosha.

Wiki ya 10

Rasimu nimeifuta.

Nililiacha Bomba B juani wiki mbili bila maji ili lipate kiangazi kidogo. Kisha nikatia milimita 40. Yalizama kwa dakika chache tu, na mizani ikapanda kwa gramu zaidi ya 300, karibu yote niliyomwaga. Mbuga ilikuwa imepasuka katikati, ufa wa kuingiza kidole cha shahada, na imejitenga na ukuta pande zote.

Mama wa bustani alikuja mjini siku hiyo kwa shughuli zake, akapita nyumbani. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za kisima, nikamwonyesha ule ufa. Aliinama, akaingiza kidole, akakichomoa.

"Mbuga umeiacha uchi," alisema. "Hata shambani ukiiacha uchi kiangazi inafunguka, mguu wa ndama unaingia. Sisi tunaifunika na mabua. Mpunga ukishavunwa hatufagii shamba."

"Hapa mabua yataoza, mama."

"Basi weka luseni juu yake. Luseni haipasuki, na inazuia jua."

Luseni ni ule mchanga mwepesi wa vilimani unaotokana na mawe ya matale, haya haya yaliyoifanya Mwanza iitwe mji wa miamba. Niliudharau tangu mwanzo kwa sababu unapitisha maji kama kichungi. Yeye alinionyesha kwamba kazi yake hapa siyo kuzuia maji. Kazi yake ni kuitunza mbuga iliyo chini yake isikauke, kwa sababu maji yakishapita kwenye mchanga wenye nafasi kubwa jua haliwezi kuyavuta tena kirahisi. Fizikia hiyo ninaijua vizuri, nimeielezea mwenyewe juu hapo nilipoandika kuhusu kokoto. Ila haikunijia mpaka aliyeishi na udongo huo aliponitamkia.

Nimetengeneza Bomba C: marudio, sentimita 20 za mbuga iliyoshindiliwa ikiwa na unyevu, sentimita 30 za luseni juu yake, na nyasi.

Wiki ya 13

Zebaki sasa. Zebaki yenyewe haiyeyuki kwa urahisi kwenye maji, ndiyo maana mabomba yangu hayatasema mengi juu yake. Inasafiri zaidi pamoja na unga wenyewe pale mvua kubwa inapokwangua ubavu wa rundo. Inashuka na mkondo hadi kwenye mafunjo kandokando ya ziwa, kwenye tope lisilo na hewa, na huko bakteria wanaigeuza kuwa aina inayoingia mwilini mwa samaki, ikiongezeka kutoka samaki mdogo hadi anayemla, hadi sangara. Kwa hiyo kifuniko chenye nyasi kina kazi mbili: kupunguza maji yanayoingia na kuzuia unga usitoke.

Kuna wanaosema dawa ni kuyauza marudio kwa mtambo wa sianidi, yaondoke hapo. Siungi mkono, kwa marudio yaliyojaa zebaki. Sianidi inashikana na zebaki na kuiyeyusha, ikawa tayari kusafiri na maji kuliko ilivyokuwa. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unalitaja jambo hilo waziwazi miongoni mwa yanayopaswa kukomeshwa.

Bomba C limepata kiangazi cha wiki mbili kama mwenzake. Nimefukua luseni kidogo kwa kijiko pembeni: mbuga chini bado inang'aa, ukiibonyeza inabaki na alama ya kidole.

Wiki ya 15, Jumamosi

Majibu ya maabara yamekuja. Kisima cha mama kiko chini ya kikomo cha aseniki. Maji ya Bomba A yamezidi kikomo chupa zote, na ya kwanza ndiyo iliyozidi zaidi.

Leo tumekwenda rundoni, mimi, kijana wangu mmoja wa kusaidia, na mama mwenyewe. Tumepata ruhusa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Tulikuwa na keekee ndefu ya kutobolea udongo, ile yenye mpini wa kuzungusha kwa mikono miwili, na tulianzia kileleni. Kila sentimita 20 tunaitoa, tunamwaga kilichomo kwenye turubai kwa mpangilio, kutoka juu kwenda chini.

Sentimita za kwanza zilikuwa ngumu, zenye ganda. Kuanzia nusu mita marudio yalitoka yakiwa na rangi ya kijivu iliyoiva, yanashikamana kwenye keekee, ukiyafinyanga yanakaa kama tonge. Mita moja, hivyohivyo. Mita mbili, hivyohivyo. Mita 2.4 bado. Kwenye mita 2.6 keekee ilipanda na unga mweupe mkavu ulioporomoka wenyewe kabla hatujaufikisha kwenye turubai. Tulirudia sehemu mbili zaidi. Moja ilitupa mita 2.5. Nyingine, karibu na kichuguu kilichojengwa ubavuni, ilikuwa na unyevu hadi zaidi ya mita 3.

Mama alivaa glavu nilizompa, akachuchumaa kwenye turubai, akashika tonge la mita 2.4 mkono mmoja na ule unga wa mita 2.6 mkono mwingine. Aliufungua mkono wenye unga, upepo wa ziwa ukaupuliza kidogo.

"Yamefika hapa," alisema.

Mita 2.5 kwa milimita 200 kila mita ni milimita 500 zilizoingia kwa miaka miwili, yaani 250 kwa mwaka. Imebaki mita 1.5, milimita 300. Kwa mwendo huo ni mwaka mmoja na miezi michache. Pale penye kichuguu ni chini ya hapo, na pale ndipo tutaanza. Mbuga ipo bondeni mita 200 kutoka rundoni, luseni ipo kilimani juu yake. Vuli inaanza Oktoba. Mwenyekiti ameita kikao Jumatano, na nimeombwa nije na ile picha ya mchirizi mwekundu, Bomba B lenye ufa na Bomba C, vyote. Mashimo matatu tumeyaziba kwa mbuga iliyoloweshwa, tukaishindilia kwa mpini wa jembe la mama mpaka ikafika juu.